Faili Umelirekebisha, Lililomfikia Mpokeaji Ni la Zamani

Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia mara kwa mara katika dawati la huduma za TEHAMA ni la mtu aliyerekebisha hati kwa makini, akaiambatisha kwenye barua pepe, kisha mpokeaji akampigia simu kumwambia kwamba makosa ni yaleyale. Wengi huilaumu programu ya barua pepe, ilhali ni nadra kosa kuwa hapo.

Kabla ya kutuma tena, ingia kwenye folda ya barua zilizotumwa ukakifungue kiambatisho kutoka humo, kwa kuwa hicho ndicho kilichoondoka kwako. Kikiwa kipya, yaelekea mpokeaji amefungua barua ya awali katika mfululizo uleule, au nakala aliyoipakua siku za nyuma. Kikiwa cha zamani, chanzo kiko upande wako, na kutuma tena kwa njia ileile hakutabadilisha kitu.

Kwa kawaida, unapoambatisha faili, programu huchukua nakala yake jinsi lilivyo kwenye diski wakati huo, na nakala hiyo haifuati tena mabadiliko ya faili la asili. Ukiambatisha saa tatu asubuhi, ukaiacha barua kama rasimu, ukalirekebisha faili saa nne na kutuma saa tano, kitakachoondoka ni cha saa tatu. Vivyo hivyo, maandishi ambayo hujayahifadhi bado yamo katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hata kama unayaona kwenye skrini, na kwa hiyo hayawezi kuambatishwa.

Chanzo kinachowaumiza watu zaidi, kwa maoni yangu, ni kufungua kiambatisho moja kwa moja ndani ya barua na kuanza kukifanyia kazi humo humo. Nilimhudumia mtumishi mmoja aliyepokea jedwali la bajeti, akalifungua hivyo, akasahihisha jumla na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Hakujua kwamba Outlook, programu yake ya barua pepe, ilikuwa imeliweka faili hilo katika folda ya muda iliyofichika. Baadaye alikwenda kwenye folda yake ya nyaraka akaambatisha jedwali lililokuwa pale tangu jana yake. Tulipotazama orodha ya mafaili ya karibuni katika Excel, tulikuta majina mawili yanayofanana kabisa, kila moja na folda yake. Tulilifungua lile la folda ya muda, tukalihifadhi upya mahali panapojulikana, na kazi yake ikapona. Fanya hivyo mapema, kwa sababu yaliyomo katika folda ya muda yanaweza kufutwa bila taarifa.

Majina nayo hupotosha. Ukipakua faili lenye jina ambalo tayari lipo, kivinjari huongeza (1) mwishoni, na baada ya wiki moja hakuna anayekumbuka lipi ni lipi. Ni afadhali kuandika tarehe ndani ya jina, ukianza na mwaka, kuliko kuandika “ya mwisho” kisha “ya mwisho kabisa”.

Wanaotumia OneDrive au Google Drive, yaani huduma za kuhifadhi mafaili mtandaoni, wahakikishe kwamba usawazishaji (kulinganisha nakala za vifaa vyote) umekamilika kabla ya kuambatisha kutoka kifaa kingine. Aidha, kutuma kiungo si sawa na kutuma nakala: kiungo humwonyesha mpokeaji hati ilivyo anapoifungua, jambo linalofaa kwa rasimu, lakini halifai kwa mkataba ambao haupaswi kubadilika baada ya kutumwa.

Ukigundua kosa papo hapo, Gmail hukuruhusu kutengua utumaji ndani ya sekunde 5 hadi 30, kulingana na mpangilio uliouchagua. Muda huo ukipita, andika barua mpya, ambatisha faili lenye jina jipya, na mwombe mpokeaji waziwazi aifute nakala ya awali. Usiisambaze upya ile barua ya kwanza, kwa sababu itabeba tena kiambatisho kilekile cha zamani.