Mwalimu wa viziwi si lazima awe anasikia

Wengi huamini kuwa kiziwi ni wa kufundishwa tu, na anayemfundisha sharti awe anasikia. Si kweli, na historia yenyewe ni shahidi.

Laurent Clerc, Mfaransa kiziwi, alisomeshwa katika shule ya viziwi ya Paris na Jean Massieu, naye kiziwi, kisha akawa mwalimu katika shule hiyohiyo. Mwaka 1816 alipanda meli kwenda Marekani pamoja na Thomas Gallaudet, mchungaji asiye kiziwi. Safari ilichukua siku 52, na humo melini Clerc alimfundisha mwenzake lugha ya alama, Gallaudet akamfundisha Kiingereza. Mwaka uliofuata wakafungua shule ya viziwi mjini Hartford, Marekani. Clerc alifundisha hadi 1858, na wanafunzi wake wakasambaa kufundisha kwingine. Ndiyo maana hadi leo lugha ya alama ya Marekani iko karibu na ya Ufaransa kuliko ya Uingereza.

Mtoto kiziwi aliyezaliwa katika familia inayosikia huenda hajawahi kumwona mtu mzima aliye kama yeye. Anapomkuta mbele ya darasa, anaijua kesho yake. Hilo, kwangu, ni kubwa kuliko somo lolote.

Afrika nayo ilimpata Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11. Alianza Ghana mwaka 1957, na hadi anafariki kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987, alikuwa ameanzisha shule takriban 30 katika nchi 13. Aliwaandaa viziwi Waafrika kuwa walimu, nao wakarudi kwao kufundisha.