"Kafanya Nini?" Maneno ya Barazani na Ukweli Kuhusu Maafisa Wanaopunguzwa Jeshini

Likoni tunaishi na wanajeshi. Kambi ya jeshi la majini iko Mtongwe, na wavuka feri wa alfajiri wamezoea kusimama bega kwa bega na watu wa kambini. Ndiyo maana kila mtu huku ni mtaalamu wa mambo ya jeshi, hasa baada ya kikombe cha pili cha kahawa chungu. Utaalamu huo niliupima siku kijana wa jirani yetu aliporudi kutoka ng'ambo. Alikuwa kapteni katika jeshi la huko, jeshi lipi naliacha. Lilipunguza maafisa, naye akawamo. Alikuja na masanduku manane, na kabla hajafungua hata moja, barazani pameshaulizwa: "Kafanya nini?"

Hilo ndilo kosa la kwanza na ndilo kubwa, kwa hiyo nitalikalia.

"Angekuwa mzuri wasingemwacha"

Tuchukue mfano unaojulikana, wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Vita vya Iraq na Afghanistan vilipopamba moto lilifikia askari kama 570,000. Vita vikapoa, Bunge lao likabana matumizi kwa sheria ya 2011, na jeshi likaamriwa lishuke hadi 490,000. Askari wa kawaida ni rahisi kupunguza: unaandikisha wachache, na mikataba ya waliopo inakwisha yenyewe. Afisa hana mkataba mfupi wa namna hiyo. Akishapata cheo anakaa, na anakaa katika kundi la mwaka aliopewa kamisheni, yaani alipofanywa rasmi kuwa afisa.

Makundi ya 2006, 2007 na 2008 yalikuwa manene kupita kiasi, kwa sababu miaka hiyo vita vilikuwa vikila watu na milango ya uafisa ilifunguliwa sana. Mwaka 2014 bodi za kuchuja maafisa zikakaa na mafaili ya miaka hiyo hiyo. Makapteni zaidi ya 1,000 waliambiwa waondoke, na mameja wapatao 550, wa makundi ya nyuma zaidi, wakafuata.

Ni kweli, mwenye doa kwenye faili alikuwa karibu na mlango. Siwezi kudai wote walikuwa malaika. Lakini idadi ilikuwa imepangwa kwanza, majina yakatafutwa baadaye. Kapteni mwenye faili lile lile, angepewa kamisheni miaka michache nyuma, bodi ile isingemgusa.

Sisi Mombasa tunaielewa hesabu hii vizuri, ila tunaisahau mtu akivaa magwanda. Makontena yalipoelekezwa kwenye reli ya SGR, malori yalilala Miritini na Mariakani, na madereva wa miaka 20 barabarani wakarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza dereva kafanya nini. Tulijua mzigo umehama.

Halafu kuna lile ambalo wengi hawalijui: hata bila upunguzaji, afisa wa huko hana ruhusa ya kutulia. Kwa sheria yao ya 1980, kapteni akirukwa mara mbili kwenye kupandishwa cheo, kwa kawaida anaonyeshwa njia. Kwetu mwalimu anaweza kufundisha darasa moja miaka 30 akaagwa kwa zawadi. Jeshini kule usipopanda unatoka, na ngazi inazidi kuwa nyembamba: makapteni ni wengi, mameja wachache, kanali ni wa kuhesabu.

"Aliye vitani haguswi"

Hili linategemea ni jeshi la nani. Uingereza nayo ilipunguza jeshi lake la nchi kavu baada ya tathmini ya 2010, kutoka kama 102,000 kuelekea 82,000, kwa awamu nne kati ya 2011 na 2014. Wao waliweka kinga: siku ya kutoa barua, aliyekuwa Afghanistan, aliyejiandaa kwenda, au aliyetoka punde, hakulazimishwa kuondoka. Marekani haikuweka kinga hiyo, na 2014 baadhi ya makapteni walipewa habari wakiwa kule kule Afghanistan. Mkuu wa kituo anakuita pembeni, anakueleza kwamba kazi imekwisha, kisha unarudi kuongoza watu wako wenye bunduki.

"Si kuna sheria ya kazi?"

Hapa ndipo mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi alipopandisha sauti. "Chama chake kiko wapi?" Swali la haki kabisa kutoka kwa mtu wa Mombasa, mji uliosimamisha kazi zote kwa mgomo Januari 1947. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na kulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Ila rudi kifungu cha 3 cha sheria hiyo hiyo: haiwahusu wanajeshi. Katiba ya 2010, ibara ya 24, nayo inaruhusu haki za wafanyakazi zilizo katika ibara ya 41 zipunguzwe kwa walio jeshini na polisi. Marekani wamepiga marufuku vyama vya wafanyakazi jeshini tangu 1978. Mwanajeshi ana sheria zake, ndiyo, lakini hana kuli mwenzake wa kugoma kwa ajili yake.

"Huyo anakula pensheni mpaka kufa"

Ah, hili. Hili ndilo lililoleta wakopaji mlangoni kwa jirani yetu wiki ya kwanza tu. Mmoja alitaka mtaji wa tuktuk.

Pensheni ya kijeshi ya Marekani, kwa utaratibu uliokuwapo 2014, ilikuwa kama ukuta. Ukifikisha miaka 20 unapata asilimia 2.5 ya mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotumikia, yaani nusu ya mshahara, kuanzia siku unayotoka. Mtu aliyeingia na miaka 22 anaanza kulipwa akiwa na 42. Ukitoka na miaka 19, sifuri. Kwa sababu hiyo sheria inamkinga aliyefikisha miaka 18 asisukumwe nje kabla ya kumaliza 20. Wakati ule wa upunguzaji, waliokuwa na miaka 15 na zaidi walifunguliwa mlango wa kustaafu mapema kwa pensheni iliyokatwa.

Sasa tazama nani amebaki katikati: mtu wa miaka 10, 12, 14. Ameshatumia ujana wake kule, ana watoto shuleni, na kinga zote ziko mbele yake. Anachopata ni malipo ya mkupuo. Kanuni yake ni asilimia 10 ya mshahara wa msingi wa mwaka, mara miaka aliyotumikia. Miaka 10 inakupa mshahara wa mwaka mmoja, wala si mshahara wote anaouona mwisho wa mwezi, kwa sababu posho ya nyumba na ya chakula hazihesabiwi. Kodi inakatwa. Na kama baadaye atalipwa fidia ya ulemavu alioupatia jeshini, ile ya mkupuo inarudishwa kidogo kidogo kutoka kwenye fidia hiyo. Mkono wa kulia unapewa, wa kushoto unadaiwa.

Kundi lililoumia zaidi, kwa maoni yangu, ni waliopanda kutoka chini: walioanza kama askari wa kawaida, wakasomea uafisa. Baadhi yao walikuwa na miaka 15 na zaidi ukijumlisha yote, kwa hiyo waliruhusiwa kustaafu. Lakini ili ustaafu kwa cheo cha afisa ulihitaji angalau miaka minane ndani ya uafisa wenyewe. Aliyepungukiwa alistaafishwa kwa cheo chake cha zamani, usajini. Mtu ameongoza kombania vitani, pensheni inamwita sajini.

Waingereza walikuwa na ukuta wao pia. Katika mpango wao wa zamani afisa alihitaji miaka 16 tangu afikishe umri wa 21 ili apate pensheni papo hapo, na malalamiko ya walioachwa karibu kabisa na mstari huo yalifika hadi bungeni. Marekani ilibadilisha utaratibu 2018: sasa serikali inachangia akiba ambayo mtu anaondoka nayo hata asipofika 20, ila kiwango cha pensheni kimeshuka kutoka 2.5 hadi 2 kwa kila mwaka. Kwa wale wa 2014 mabadiliko hayo yalichelewa.

"Bandari iko pale, kesho ataajiriwa"

Watu huona Kilindini ng'ambo ya maji na kudhani mtu wa Mtongwe anavuka tu. Mkataba wa kimataifa wa 1978 unaosimamia vyeti vya mabaharia hauzihusu meli za kivita. Afisa aliyeendesha injini ya manowari miaka 12 hawezi kuingia meli ya mizigo kwa cheo chake. Atahitaji vyeti vya kibiashara vinavyotambuliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, pamoja na zile kozi za msingi za usalama, kuzima moto na kujiokoa majini, ambazo vijana waliomaliza shule juzi wanazifanya pia. Ujuzi wake haupotei. Kinachokosekana ni karatasi, na karatasi inataka muda na ada wakati ule ule ambapo mshahara umekatika.

Kazi za makampuni ya ulinzi, kusimama getini Nyali, sizisemi sana. Zipo. Meja akizichukua ni heri yake, lakini mshahara wake si wa meja.

"Kwetu haiwezekani"

Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki lilikuwa hapa hapa Mombasa. Lilivunjwa 1962, lote, na Kenya ikaanzisha jeshi lake la majini Desemba 1964. Jeshi la Anga nalo lilivunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Sababu zilikuwa mbali sana na za bajeti, sawa. Lakini barazani husemwa jeshi ni jiwe, na mawe mawili yameshayeyuka katika maisha ya wazee wanaosema hivyo.

Jirani yetu alikuwa afisa wa ugavi. Alidhani makampuni ya kutoa mizigo bandarini yangempokea mara moja, kwani alishasafirisha shehena nzito kuliko za kwao, tena zikirushiwa risasi. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwita afande, kisha wakamuuliza kama ana cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki. Hakuwa nacho. Alijiandikisha darasani.

Mara ya mwisho kuonana naye tulikuwa tumebanwa kwenye feri ya jioni, yeye na faili la masomo kwapani. Nikamuuliza darasa linaendaje. Akasema linaenda vizuri, ila wenzake wanamwita mzee na kumwachia kiti cha mbele. Ana miaka 38.