Maji ya Kilimanjaro hayatoki kwenye theluji

Wengi huamini kwamba barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ndiyo inayolisha mito ya Moshi, na kwamba ikiisha, migomba itakauka. Sivyo.

Barafu kweli inatoweka: kati ya 1912 na 2007 ilipungua kwa takriban asilimia 85, nayo ni hasara ya kusikitisha. Ila kule juu hewa ni kavu mno, kiasi kwamba sehemu ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Mifereji ya Wachagga hupata maji yake hasa kutokana na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, chini ya mita 3,000 hivi. Humo ukungu hushika matawi, ukadondoka tone kwa tone, ukazama ardhini. Moto unaoteketeza msitu huo ndio unaonitia hofu zaidi.