Umepata asilimia 31? Nionyeshe ripoti kwanza

Asista mmoja, yaani mhadhiri msaidizi, wa chuo cha hapa Bukavu alinipigia simu usiku. "Mwalimu, makala yangu imetoka na 31%. Nifanye nini ishuke?" Alikuwa amemlipa mtu wa Kadutu aipitishe kwenye programu inayopima ni asilimia ngapi ya maneno yanafanana na maandishi mengine, na mtu huyo alishamwahidi, kwa dola nyingine, "kuisafisha". Nikamwambia asilipe chochote, aje na ripoti yenyewe.

Mimi ni mhariri msaidizi wa jarida la kilimo. Ni kazi isiyo na mshahara, naifanyia nyumbani Nguba umeme ukiwapo. Majarida mengi hupitisha miswada kwenye iThenticate, programu ya aina hiyo, kupitia huduma ya Crossref, shirika la wachapishaji wa kitaaluma, iliyoanza 2008 kwa jina la CrossCheck na sasa huitwa Similarity Check. Wachapishaji wanachama huruhusu makala zao kamili ziingie humo, hata zile za kulipia. Ndiyo maana programu ya bure inaweza kukupa sifuri, sisi tukaona mengine kabisa.

Ila programu haijui wizi. Inajua tu kwamba maneno haya yamefuatana vilevile mahali pengine.

Tulifungua ripoti. Orodha ya marejeo peke yake ilibeba 14%. Nikaiondoa kwa kubofya mara moja. Zikabaki 17. Humo mlikuwa na jina la chuo, shukrani, na ile sentensi ya udongo uliokaushwa kwenye tanuri kwa 105°C saa 24. Watu wa udongo wote huiandika hivyo, waiandikeje tena? Vyanzo vingi, kila kimoja kimegusa maneno machache. Hayo hayaninyimi usingizi.

Ripoti hupaka kila chanzo rangi yake. Kwenye mjadala, hata hivyo, palikuwa na rangi moja, mistari tisa mfululizo, chanzo kimoja. 4% tu.

"Na hii?"

"Hiyo nimeiwekea rejea, Mwalimu."

Kweli, rejea ilikuwapo mwishoni mwa aya. Lakini maneno yalikuwa ya mwenye makala ile, bila alama za kunukuu. Kwa mistari hiyo ningeurudisha muswada, hata jumla ingekuwa 9%.

Na yule "msafishaji" angefanya nini? Angebadili neno moja moja kwa visawe. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, mtafiti wa kompyuta wa Ufaransa, na wenzake walionyesha makala zilizochapishwa zikiwa na misemo iliyoteswa namna hiyo: penye "akili bandia" pameandikwa kitu kama "fahamu za kughushi". Asilimia hushuka, aibu hupanda.

Kwetu tunaosoma kwa Kifaransa kuna mlango mwingine: kutafsiri tasnifu ya mtu kwa Kiingereza. Ulinganishaji wa kawaida wa maneno huweza kuipitisha kabisa. Mmoja nilimkamata kwa tarakimu. Ndani ya maandishi alitaja rejea [23], namba ya tasnifu aliyoinakili, na orodha yake mwenyewe iliishia 19.

Hata hapo hatukimbilii kumshtaki chuoni kwake. Mwongozo wa COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, unataka mwandishi aulizwe kwanza, na wengine huwa na jibu: tasnifu ni yake mwenyewe, alisahau tu kuitaja.

Asista wangu alirudi wiki iliyofuata. Mistari tisa imekuwa minne, ya kwake. Akaituma makala kwa jarida alilolitaka ikiwa na 27%, marejeo yakiwamo.