Gesi ya kiyoyozi haiishi

Simamisha gari la zamani popote, fungua boneti, lalamika kwamba kiyoyozi hakitoi baridi. Hutakosa mtu wa kukwambia: "Hiyo gesi imeisha, kajaze tu." Mwenye gari anakwenda kujaza, anafurahia baridi kwa muda, kisha joto linarudi, naye anaambiwa tena imeisha. Hapo ndipo watu wanapoanza kuamini kwamba viyoyozi vya magari ya zamani "vinakula gesi".

Kujaza gesi ni kuingiza kiasi maalumu cha gesi ya kupoza, kilichopimwa kwa uzito, ndani ya mfumo uliofungwa, usiovuja, uliokwisha kuondolewa hewa na unyevu. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonikera si neno "kujaza", ni "imeisha".

Petroli huisha kwa sababu inaungua. Gesi ya kiyoyozi haiungui wala haigeuki kitu kingine. Kazi yake ni kuzunguka. Kompresa inaibana mpaka inapata joto kali. Inakwenda kwenye kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta, inatoa joto nje na kugeuka kimiminika. Kisha inalazimishwa kupita kwenye tundu jembamba la vali, shinikizo linashuka ghafla, nayo inachemka ndani ya evaporeta iliyojificha nyuma ya dashibodi. Ni kule kuchemka kunakofyonza joto la hewa ya ndani ya gari. R-12, gesi ya magari ya zamani, kwenye shinikizo la kawaida la hewa huchemka kwenye nyuzi 30 hivi chini ya sifuri, ndiyo maana inaweza kuchemka mahali penye baridi na bado ikaendelea kuvuta joto. Baada ya hapo inarudi kompresa na safari inaanza upya. Hakuna kituo hata kimoja ambapo inaliwa. Ikipungua, imetoka, na ilipotokea pana tundu.

Friji ya nyumbani inaweza kufanya kazi miaka na miaka bila kuongezewa chochote, kwa kuwa mota na kompresa vimefungiwa pamoja ndani ya chuma kilichochomelewa. Kompresa ya gari huzungushwa na belti ya injini, kwa hiyo lazima shafti yake itokeze nje, na mahali inapotokeza panazibwa na sili. Ongeza hozi za mpira, kwa sababu injini inatikisika huku kondensa imefungwa kwenye bodi, pamoja na maungio yenye oringi, yaani pete za mpira za kuzibia. Hizo ndizo njia za kutorokea. Ni kweli basi kwamba hata mfumo wa gari usio na kasoro hupoteza kidogo kidogo baada ya miaka mingi. Ila kupoteza kidogo kwa miaka ni jambo moja, na kujaza kila joto linapoanza ni jambo jingine kabisa.

Gari la zamani lina balaa la ziada: linakaa sana bila kuwashwa. Oili inayolainisha sili ya shafti husafirishwa na gesi yenyewe wakati kompresa inazunguka. Gari likilala muda mrefu, sili inakauka na kuachia. Kwa bahati nzuri gesi ikitoka huacha nyayo, maana hutoka na oili, na oili hushika vumbi. Mulika tochi kwenye pua ya kompresa, nyuma ya klachi yake, ile inayoiunganisha na belti na kuiachia. Ukikuta duara jeusi lenye mafuta, na pengine mstari wa matone uliorushwa chini ya boneti, umeshamwona mwizi kabla hata ya kufunga geji za kupimia shinikizo.

Sasa kuna watu wanaosema "kujaza" huku wakimaanisha "kubadili" aina ya gesi. Hapa hasara huwa kubwa zaidi.

Kampuni ya Packard ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani, kwa magari ya mwaka 1940. Kompresa yake haikuwa na klachi. Kuizima kabisa kulimaanisha kufungua boneti na kutoa belti. Tangu enzi hizo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, gesi ya magari ilikuwa R-12, ambayo wengi wanaiita Freon ingawa hilo ni jina la biashara. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo zikifika juu angani, klorini yake huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka hilo ukatiwa saini mwaka 1987, na kufikia 1996 nchi tajiri zilikuwa zimekomesha utengenezaji wa R-12, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Magari mapya yakahamia R-134a, isiyo na klorini.

Ndipo likazaliwa wazo la kutoa ile na kutia hii. Lakini mfumo wa R-12 ulisukwa kwa ajili ya R-12. Oili yake ni ya madini, nayo haichanganyiki na R-134a. Inabaki imetuama kwenye kona za mabomba huku kompresa ikisagika kwa ukavu. R-134a hutaka oili ya aina ya PAG au esta. Molekuli zake ni ndogo zaidi, hivyo hupenya hozi za zamani zisizo na utando wa nailoni ndani. Oringi nyeusi za zamani hubadilishwa kwa zile zinazohimili gesi na oili mpya, ambazo mara nyingi huwa za kijani. Draya, kile kichupa chenye chembe za kunyonya unyevu, lazima kiwe cha aina inayokubali gesi hiyo. Kondensa nayo huelemewa, kwa sababu kwenye joto kali R-134a hupandisha shinikizo juu zaidi. Gari lililopoa vizuri barabarani huanza kutoa hewa vuguvugu kwenye foleni. Na kiasi si kilekile: kwa kawaida huwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa na kiwanda. Hata nipo za kuunganishia hozi za geji zilitengenezwa tofauti makusudi, mtu asichanganye gesi kwa bahati mbaya. Wapo wanaochanganya kwa bidii hata hivyo, kwa kutumia adapta.

R-12 iliyobaki ndani haifunguliwi ikapulizwa hewani. Hunyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi.

Tena kuna kile kidirisha cha kioo juu ya draya. Kwenye R-12 fundi aliweza kuchungulia: akiona mapovu, gesi ni pungufu, kikiwa safi, inatosha. Mazoea hayo yakahamishiwa kwenye R-134a, ambako hayafai. Gesi hiyo inaweza kuonyesha mapovu hata ikiwa imetosha, na fundi anayeendelea kuongeza mpaka kioo kitakate atakuwa amezidisha. Gesi ikizidi, baridi hupungua na shinikizo hupanda. Dalili yake kwa abiria inafanana sana na ile ya gesi pungufu, naye anarudi palepale: "Imeisha."

Mara nyingine gesi haihusiki kabisa. Hita ya gari la zamani ni rejeta ndogo nyuma ya dashibodi inayopitisha maji ya moto ya injini, na kwenye magari mengi hukaa kasha moja na evaporeta. Kinachotenganisha moto na baridi ni kijilango kinachovutwa kwa kebo au kwa vakyumu ya injini, chenye sponji kingoni ili kibane sawasawa. Baada ya miongo kadhaa sponji hiyo humung'unyuka. Ukiwasha feni, punje nyeusi zinakurukia usoni. Vali ya maji ya moto nayo hukwama ikiwa wazi. Evaporeta inapoza hewa, hita inaipasha moto palepale. Zima injini ipoe, bana kwa koleo laini hozi inayopeleka maji kwenye hita, kisha washa tena. Baridi ikirudi, gesi ilikuwa inasingiziwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia gesi imeisha, usigombane naye. Muulize imetokea wapi. Na ukifika gereji, badala ya "nijazie gesi", sema "nitafutie inapovuja". Fundi ataujaza mfumo naitrojeni na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio, au atatia rangi na kuimulika. Akishaziba, atabadilisha draya iliyokwisha kunywa unyevu, kisha atafunga pampu ya vakyumu na kuiacha ivute. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa kuliko zote, eti inachelewesha kazi. Maji yakiachwa ndani huganda kwenye tundu la vali na, yakikutana na gesi na oili, hutengeneza asidi inayokula chuma. Chini ya vakyumu huchemka hata bila moto na kutoka kama mvuke. Geji ikikaa palepale baada ya pampu kuzimwa, mtungi unawekwa kwenye mizani, na hapo ndipo gesi inapojazwa.