Kubadili gari la kabureta kuwa EFI: maana yake hasa

Gari la kabureta likitoka Dar es Salaam asubuhi linakwenda vizuri. Likianza kuupanda mlima Kitonga kuelekea Iringa, dereva analiona linakosa nguvu, na harufu ya petroli inaanza kuingia ndani. Ukifika juu ukafungua plagi moja, unaikuta nyeusi tititi, ina masizi makavu kama ya sufuria iliyokaa kwenye kuni. Gari halijaharibika. Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa huwa nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Pwani. Kabureta haina habari hiyo. Inaendelea kutoa petroli karibu kwa kipimo kilekile ilichofungwa nacho huko chini, na ile isiyopata hewa ya kutosha inaishia kuwa masizi.

Nimeanza na plagi hiyo kwa sababu ndiyo inayoeleza dhana nzima. Watu wengi wakisikia "kubadili gari kuwa EFI" wanafikiria kung'oa kitu kimoja na kufunga kingine, kama mtu anayebadili betri. Kinachobadilika hasa ni namna injini inavyojua imevuta hewa kiasi gani. EFI ni kifupi cha Kiingereza cha mfumo unaopuliza mafuta kwa kuongozwa na umeme: sensa zinapima, kompyuta inapiga hesabu, nozeli zinafunguka kwa muda uliokokotolewa.

Kabureta nayo tuitendee haki, maana imeendesha magari kwa miongo mingi bila hata waya mmoja. Ndani yake kuna koo jembamba. Hewa inayovutwa na pistoni ikipita hapo inalazimika kukimbia, na ikikimbia mgandamizo wake unashuka. Petroli iliyo kwenye bakuli la pembeni, ambalo boya lake linazuia lisifurike, inavutwa kupitia tundu dogo, yaani jeti, na kuchanganyika na hewa. Ukubwa wa jeti ndio kipimo. Kukiwa na baridi unavuta choki ili hewa ipungue na petroli izidi. Ukikanyaga mafuta ghafla, kuna pampu ndogo inayorusha petroli ya ziada ili gari lisigugumie. Ni ufundi mzuri sana, lakini ni wa kukadiria: tundu halipimi joto wala mwinuko, na wala halijui kama petroli ya safari iliyopita iliungua vizuri.

Sasa tazama kinachodaiwa. Petroli ikitaka kuungua yote bila kubaki yenyewe wala hewa, kila gramu moja inahitaji gramu 14.7 za hewa. Chukua injini ya Toyota 4A-F, ya kabureta, yenye cc 1587. Kila silinda ina karibu cc 400. Ikijaa hewa ya Pwani sawasawa, hiyo ni chini kidogo ya nusu gramu ya hewa, na petroli yake ni kama gramu 0.03, ujazo mdogo kuliko tone moja la maji. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inadai sehemu hiyo ya tone mara 25 kwa sekunde. Ikizidi kidogo, masizi. Ikipungua, gari linamisi na injini inapata joto kupita kiasi.

Kwenye EFI nozeli ni bomba dogo lenye koili ya umeme na sindano ndani. Umeme ukipita, sindano inanyanyuka kidogo sana na petroli inatoka kama ukungu; umeme ukikatwa, sindano inarudi na kufunga. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, nozeli hukaa wazi kwa milisekunde mbili au tatu tu. Kwa kuwa mgandamizo wa petroli nyuma yake umedhibitiwa, muda wa kufunguka ndio kiasi cha mafuta. Kompyuta, ambayo mafundi wa mjini wanaiita kontrol boksi, inaupanga muda huo kwa kusoma mgandamizo au mtiririko wa hewa kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda, joto la hewa, joto la maji, mahali ulipokanyaga mafuta, na mzunguko wa injini. Halafu iko sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, inayonusa moshi na kurudisha jibu: umezidisha, au umepunguza. Gari likipanda Kitonga likiwa na mfumo huo, sensa inasoma hewa nyepesi na kompyuta inafupisha muda wa nozeli. Dereva hajui hata kama kuna lililotokea.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Bosch walitoa D-Jetronic mwaka 1967, kwenye Volkswagen 1600 zilizokuwa zikipelekwa Marekani. Sensa ya oksijeni ikaja mwaka 1976 kwenye Volvo zilizouzwa California. Sensa hiyo ina adui mmoja, madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli, kwani yanaiziba na kuiua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006, hivyo mtu anayefanya kazi hii leo ana mazingira mazuri kuliko aliyeijaribu miaka ya tisini.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, njia ninayoiamini zaidi ni ya kutumia vifaa vya ndugu wa injini yako. Toyota wamekurahisishia kwa majina: herufi E mwishoni mwa jina la injini ya petroli inaonyesha kwamba mafuta yanaongozwa na umeme. 4A-F ni kabureta, 4A-FE ni EFI. 22R ya Hilux ni kabureta, 22R-E ni EFI. 3F ya Land Cruiser ina 3F-E. Kwa hiyo unaingia kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, na kutafuta vitu vya gari moja: manifoldi yenye nozeli zake, koo la hewa, distribyuta inayogawa umeme wa plagi, sensa zote, kompyuta, na wayaringi ambayo haijakatwa. Nasisitiza gari moja. Ukiokota kompyuta huku, distribyuta kule na sensa ya hewa ya injini nyingine, utakaa wiki nzima unatafuta tatizo ambalo umelinunua mwenyewe. Angalia pia kichwa cha silinda kabla ya kulipa, maana baadhi ya injini za EFI zina nafasi iliyochongwa kwenye tundu la kuingizia ili mpulizo wa nozeli upite, na kichwa cha kabureta huenda hakina. Na kompyuta ya gari la karibuni yenye kufuli ya ufunguo iache hapohapo dukani, kwa sababu bila ufunguo wake haitawasha injini.

Ipo njia ya kufunga chombo kimoja chenye nozeli, kompyuta na sensa kadhaa, kinachokaa palepale kabureta ilipokuwa. Holley na FiTech wanaviuza hivyo, na vimetengenezwa zaidi kwa ajili ya injini kubwa za V8 za Kimarekani. Njia ya tatu ni kompyuta unayoipanga mwenyewe. Mwaka 2001 Bruce Bowling na Al Grippo walitoa MegaSquirt, kompyuta ya injini ambayo mtu aliweza kuiunga kwa mkono nyumbani, na baadaye ikaja Speeduino, inayojengwa juu ya Arduino, bodi ndogo ya kompyuta ya kujipangia mwenyewe. Hapo unakaa na kompyuta mpakato kando ya kiti, ukijaza jedwali: kwa mzunguko huu na mgandamizo huu, injini inajaza hewa kwa asilimia ngapi. Ni njia nzuri kwa mwenye gari lisilo na ndugu wa EFI, ila inataka uvumilivu wa mwezi, si wa Jumamosi moja.

Upande unaosahaulika ni wa tangi, na hapo ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Pampu ya zamani, ile inayosukumwa na injini yenyewe, inatoa petroli kwa mgandamizo wa kama PSI 3 hadi 5. Mfumo wa nozeli kwa kila silinda unataka takriban PSI 40. Linganisha na upepo wa tairi lako dogo, ambao ni 30 na kidogo. Maana yake sasa una petroli iliyobanwa kuliko upepo wa tairi, inapita sentimita chache tu kutoka kwenye ekzosi yenye moto. Mpira wa kawaida wa petroli, ule unaokatiwa dukani kwa mita, haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Unaweza kuvumilia siku ya kwanza, ukavimba wiki ya pili, halafu ukapasuka. Nunua mpira ulioandikwa ubavuni kwamba ni wa EFI. Kibano nacho kiwe kile cha mkanda laini unaobana mzunguko wote, siyo chenye meno yanayoukata mpira kadiri unavyokaza.

Petroli isiyotumika inapaswa kurudi tangini, kwa hiyo unahitaji bomba la pili, ambalo baadhi ya magari ya kabureta hayana. Tangi la zamani pia mara nyingi halina kuta za ndani za kuzuia petroli isikimbilie upande mmoja. Kabureta ina bakuli lake la akiba, kwa hiyo haijali pampu ikivuta hewa kwa sekunde moja. Nozeli zinajali. Ukikata kona kali tangi likiwa robo, injini inazimika katikati ya kona. Dawa yake ni kitangi kidogo cha kati ambacho pampu ya kwanza inakijaza muda wote na pampu ya presha inavuta humo. Na kabla ya yote hayo, toa tangi, lioshe, uangalie kutu. Chembe ya kutu ambayo jeti ingeimeza bila neno inatosha kuziba nozeli.

Pampu ya umeme ifungwe na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na fyuzi yake, na izimwe na kompyuta pale injini inapoacha kuzunguka. Usiiunganishe moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Gari likipata ajali na mpira ukakatika huku swichi ikiwa wazi, pampu iliyounganishwa hivyo itaendelea kumwaga petroli barabarani. Wakati wa kazi, toa mgandamizo kwenye bomba kwanza, fungua waya hasi wa betri, fanyia nje penye upepo, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi, siyo ndani ya nyumba.

Umeme wenyewe una masharti. Gari la zamani lenye volti 6, au lenye dainamo inayolegea taa zikiwashwa, halitaweza kulisha pampu, nozeli na kompyuta. Ninachokiona kikisumbua zaidi ni waya wa bodi, ule hasi. Kompyuta inasoma tofauti ndogo sana za volti. Ukiufunga kwenye boliti yenye rangi na kutu, joto la maji litasomeka uongo, na gari litakunywa mafuta kama vile kabureta haijaondoka. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Kuhusu faida, tusidanganyane. Nguvu haiongezeki sana kwa kubadili mafuta peke yake, na gari linalotembea mjini tu huenda lisirudishe gharama kwa petroli linayookoa. Unachopata ni kuwaka mara moja asubuhi ya Njombe bila kuvuta choki, kupanda mlima bila moshi mweusi, plagi zinazotoka na rangi ya udongo badala ya masizi, na mguu unaokanyaga mafuta ukajibiwa papo hapo. Kama kabureta yako ina tatizo tu la kuvuja au boya kukwama, itengeneze hiyo, na fedha iende kwenye breki.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, usianze na ufunguo wa stata. Washa swichi, iache pampu ijaze bomba, kisha tochi mkononi upite kila kiungo, toka tangini hadi kwenye nozeli, ukipapasa kwa vidole vikavu. Unyevu wowote ni sababu ya kusimama. Ikiwaka, iache ipate moto mpaka feni izunguke, maana kompyuta huanza kumsikiliza mwenzake wa kwenye ekzosi baada ya joto kufika. Hapo ndipo unapojua kama muungurumo unatulia wenyewe au unapanda na kushuka, na kama unapanda na kushuka, tafuta kwanza pahali manifoldi inapovuta hewa isiyopimwa.

Kisha chukua karatasi, chora wayaringi uliyoifunga: rangi ya kila waya, pini yake kwenye kompyuta, mahali rilei na fyuzi zilipo, jina kamili la injini iliyotoa vifaa. Iweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya droo ya gari. Nimeona magari yaliyotoka Japani na EFI yake nzima yakirudishwa kwenye kabureta gereji, kwa sababu sensa moja ilikufa na fundi hakuwa na mahali pa kuanzia. Fundi atakayelifungua gari lako miaka mitano ijayo, usiku, kando ya barabara ya Makambako, atahitaji karatasi hiyo kuliko spana.