Barua Yenye Kujibika: Namna ya Kuomba Taarifa Katika Halmashauri Yako

Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Dodoma, zahanati au darasa huanza kwa nguvu za wananchi. Wanakijiji husomba mawe na mchanga, huchota maji ya kufyatulia tofali na huchangishana fedha, hadi boma linapofika kwenye lenta na halmashauri kuombwa ilikamilishe. Hapo ndipo fedha ya umma inapokutana na jasho la wanakijiji, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Ni kiasi gani kimeletwa? Saruji iliyopokelewa ni mifuko mingapi? Kwa nini fundi ameondoka kabla ya kupaua? Maswali haya ni halali kabisa, nayo yana majibu yaliyoandikwa mahali fulani. Hata hivyo, wengi huyauliza kwenye vikao vya kahawa au msibani badala ya kuyapeleka kwa mtu aliye na hati mkononi.

Sisi tunaotoa elimu ya sheria kwa umma tumeona kwamba maombi mengi ya taarifa hayakwami kwa sababu ofisi ina siri ya kuficha. Hukwama kwa sababu ombi halikutaja hati yoyote, au halikufika kwa mwenye hati hiyo, au mwombaji hana ushahidi kwamba lilifika. Mambo hayo matatu yamo ndani ya uwezo wa mwananchi mwenyewe, na ndiyo tunayotaka kuyaeleza hapa.

Kwanza, msingi wa haki yenyewe. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, pamoja na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Ili haki hiyo iwe na utaratibu, Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, na kanuni zake zikafuata mwaka 2017. Sheria hii inatumika Tanzania Bara, inamhusu raia, na inazigusa mamlaka za serikali za mitaa sawasawa na wizara. Kwa mkoa wetu maana yake ni Halmashauri ya Jiji la Dodoma, Halmashauri ya Mji wa Kondoa, na halmashauri za wilaya za Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, pamoja na ofisi za kata, vijiji na mitaa zilizo chini yake.

Kabla ya kuandika barua, hata hivyo, mwananchi ajiulize kama taarifa anayoitafuta haipo tayari mahali pa wazi. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni sehemu ya kazi zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inaitaka halmashauri ya kijiji kutoa taarifa kwa mkutano huo kuhusu usimamizi wa ardhi ya kijiji. Mikutano ya kawaida ya baraza la madiwani, ambayo hufanyika kila robo ya mwaka, iko wazi kwa wananchi, ingawa viti vya wageni mara nyingi hubaki vitupu. Kuna pia taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwasilishwa kwa Rais ifikapo mwisho wa mwezi Machi na kisha kuwekwa mezani Bungeni, hapa hapa Dodoma. Taarifa inayohusu serikali za mitaa ni ndefu na lugha yake ni ya kihasibu, lakini majedwali yake hutaja halmashauri kwa majina, na mtu anayejua kutafuta jina la halmashauri yake anaweza kupata mengi bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Taarifa isipopatikana katika njia hizo, swali linalofuata ni hili: hati iko kwa nani? Hapa ndipo watu wengi hupoteza miezi. Miradi mingi ya madarasa, vyoo vya shule na zahanati imekuwa ikitekelezwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo fedha huingizwa kwenye akaunti ya benki ya shule au kituo chenyewe, vifaa hununuliwa na kupokelewa pale pale, na mafundi wa eneo husika hupewa kazi. Katika utaratibu huo huundwa kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi ya vifaa na kamati ya ujenzi, na wajumbe wake huwa ni walimu au watumishi wa kituo pamoja na wanakijiji. Kwa hiyo idadi ya mifuko ya saruji iliyofika imeandikwa kwenye leja ya stoo na kwenye hati za kupokelea vifaa zilizosainiwa na kamati ya mapokezi. Mkataba wa fundi na stakabadhi za malipo vimo kwenye jalada la mradi, kwa mkuu wa shule au mganga mfawidhi. Anayepanda basi kutoka kijijini kwenda makao makuu ya wilaya kuulizia saruji hiyo anaweza kuambiwa, bila hila yoyote, kwamba hati haipo pale. Kinyume chake, uamuzi wa kupeleka fedha, tarehe zilipotumwa, bajeti iliyopitishwa na makadirio ya gharama yaliyoandaliwa na mhandisi viko kwa mkurugenzi. Mwombaji anayeutambua mgawanyo huu ataandika barua mbili fupi kwa ofisi mbili, badala ya barua moja ndefu ambayo haina pa kufikia.

Sasa barua yenyewe. Sheria inataka ombi liwe la maandishi na liwe na maelezo ya kutosha kumwezesha mtumishi kuitambua taarifa inayoombwa. Tulinganishe maombi mawili. La kwanza linasema: "Tunaomba tuelezwe fedha za zahanati yetu zimekwenda wapi." La pili linasema: "Naomba nakala ya makadirio ya gharama za kukamilisha zahanati ya kijiji chetu, pamoja na nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya mradi huo kwa kipindi cha Julai hadi Desemba." La kwanza lina uchungu wa haki, lakini anayelipokea hana hati ya kutoa kabatini, analazimika kuandika maelezo, kujitetea au kunyamaza, na mara nyingi atanyamaza. La pili limetaja hati mbili na kipindi kimoja. Jibu lake ni ama nakala, ama sababu ya maandishi ya kutotoa nakala. Kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni, hivyo kuomba "hesabu za mwaka jana" bila kutaja mwaka wa fedha huleta mkanganyiko usio wa lazima. Weka jina lako, anuani au namba ya simu, tarehe na saini. Lalamiko lako, kama lipo, liandikie barua nyingine, kwa sababu ombi lililochanganywa na tuhuma husomwa kama tuhuma.

Barua hiyo ielekezwe kwa afisa taarifa wa taasisi, na pale ambapo hakuteuliwa, mkuu wa taasisi ndiye anayebeba wajibu huo. Kwa halmashauri, huyo ni mkurugenzi. Iandike nakala mbili. Ipeleke masjala, wala usiiache mezani kwa mtumishi unayefahamiana naye, hata kama ana nia njema. Masjala watagonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala zote mbili, watabaki na moja, na wewe utaondoka na ya pili. Muhuri ule ndio unaoanza kuhesabu siku, kwa kuwa sheria inamtaka mwenye taarifa kujibu mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 30 tangu alipopokea ombi. Mtu asiye na nakala yenye muhuri hana namna ya kuonyesha kwamba siku hizo zimepita, na mapitio atakayoyaomba baadaye yatakosa pa kusimamia.

Sheria haikumsahau asiyejua kuandika wala mwenye ulemavu unaomzuia kuandika. Mtu huyo anaweza kutoa ombi lake kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kuliweka kwenye maandishi. Kwa mkoa wenye wazee wengi wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kigogo au Kirangi kuliko kwa Kiswahili cha ofisini, jambo hili lina uzito mkubwa, na tungependa kuwaona watendaji wa vijiji wakilitekeleza bila kusubiri kukumbushwa.

Kuhusu gharama, ofisi inaweza kutoza ada ya kugharamia uandaaji wa nakala. Uliza kiasi mapema, lipa kwa namba ya malipo ya Serikali na udai stakabadhi.

Si kila kitu hutolewa, na ni vyema mwananchi aukubali mpaka huo kwa kuwa unamlinda na yeye pia. Sheria inaruhusu kuzuia taarifa ambazo kutolewa kwake kunaweza kudhuru usalama wa taifa, kuvuruga uchunguzi au mwenendo wa mashauri, kuingilia faragha ya mtu au kuumiza maslahi halali ya kibiashara. Jalada la mgonjwa wa zahanati si la jirani yake kulisoma, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 eneo hili limewekewa ulinzi wa ziada. Lakini faragha ya mgonjwa haifanyi bajeti ya dawa kuwa siri. Pale ambapo sehemu ya hati imezuiliwa, omba sehemu iliyobaki.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi unaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, naye ana siku 30 za kuamua. Usiporidhika, hatua inayofuata ni rufaa kwa Waziri mwenye dhamana na sheria hii. Ni kweli kwamba safari hiyo ni ndefu kwa mkulima wa mtama aliyeko Chemba, na kwa maoni yetu uamuzi wa juu ungepata imani zaidi ya wananchi kama ungekuwa mikononi mwa chombo huru. Pamoja na hayo, barua ya kuomba mapitio iliyoambatanishwa na nakala yenye muhuri hupata uzito ambao malalamiko ya mdomo hayaupati.

Kwa watumishi wenzetu tuna neno moja la dhati. Kuharibu, kubadili au kuficha hati kwa nia ya kuzuia isitolewe ni kosa chini ya sheria hii, lakini hilo lisiwe sababu pekee ya kutunza majalada vizuri. Mtendaji anayebandika taarifa ya robo mwaka kwenye ubao wa matangazo, ikiwa na tarehe na saini, hupunguza maswali ya mwezi mzima, na michango ya awamu inayofuata hukusanywa kwa ubishi mdogo zaidi.

Nakala zikishapatikana, zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kama zilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na mjumbe wa kamati ya mapokezi awepo ili alinganishe mifuko iliyoandikwa na ile aliyoisainia. Kisha nakala moja iwekwe kwenye jalada la ofisi ya kijiji na nyingine ibaki kwa mwombaji, kwa kuwa mtendaji huhamishwa, na atakayekuja baada yake atahitaji kuonyeshwa kile ambacho ofisi yake ilikwisha kukitoa.